Baba Meneja na Mtihani wa Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi

Roho juu tangu asubuhi. Mbwa wangu Meneja katoroka tena, kaingia kliniki ya meno ng'ambo ya barabara, katoka na koti jeupe la daktari. Mgonjwa kaachwa kitini mdomo wazi. Mke wangu hakugomba, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema kwa upole kwamba Jumamosi ni mtihani wa darasa la mbwa la kuruka viunzi. Meneja akifaulu, abaki nyumbani. Akifeli, anahamia kwa kaka yake.

Yaani kwa shemeji! Shemeji ambaye mbwa wake, Komando, hukaa akiambiwa kaa, na asipoambiwa hukaa pia kwa tahadhari. Nikamwambia mke wangu aondoe wasiwasi. Akauondoa, nikabaki nao mimi.

Jumanne, 4 Machi

Darasani, kiwanja cha nyuma ya shule. Pale hakuna anayejua jina la mtu, unaitwa kwa mbwa wako. Mimi ni Baba Meneja. Shemeji ni Baba Komando, na anavyoitikia ungedhani kapandishwa cheo.

Komando akaruka viunzi vyote, akapita ndani ya bomba la kitambaa, akatoka upande wa pili hata hahemi. Zamu yetu. Nilimkazia macho shemeji nione kama atacheka. Meneja kaanza vizuri, kisha kakata kona, kaenda moja kwa moja kwa shemeji, kamlalia miguuni. Shemeji akacheka.

Mwalimu, askari mstaafu asiyepoteza maneno, alisema mbwa hufuata macho na miguu ya bwana wake, kwa hiyo niangalie ninakotaka aende. Nikaitikia, ndiyo mwalimu. Maneno ya walimu hayo. Mbwa huyu ana tatizo la pua.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango! Pua iliyomponza ndiyo itakayomwokoa. Nimeponda samaki wa kopo, nimewapaka ndani ya soksi zangu. Sasa atanifuata mimi tu.

Mazoezi yamefanyika sebuleni. Ubao wa kupigia pasi ukawa daraja, na mkongojo wa mama mkwe, niliouegemeza kati ya viti viwili, ukawa kiunzi. Mama mkwe akautaka mkongojo wake aende chooni. Nikamwomba kwa heshima zote asubiri kidogo, mbwa yuko hewani. Hakusubiri. Meneja kaangukia meza, na mama mkwe kaniambia maneno ambayo sikujua kama anayajua.

Nikaenda kazini na soksi zilezile ili harufu ikolee. Paka wa mtaa mzima wakanisindikiza mpaka mlangoni. Kazi yangu ni kupima watu macho katika duka la miwani. Mteja wa kwanza alisoma herufi zote ubaoni bila kukosea, haraka haraka, huku kajiziba pua, akaondoka bila kuchagua fremu.

Ijumaa, 7 Machi

Darasa la mwisho kabla ya mtihani. Nilipoingia tu kiwanjani, mbwa wote wakageuka. Wakaja kwangu wote, Komando mbele! Shemeji anaita, Komando hasikii. Anapiga mluzi, Komando analamba kiatu changu. Sijaona raha ya namna ile tangu harusi yangu. Nikatembea huku na huku na msafara wangu, macho kwa shemeji, nisipitwe na hata badiliko moja la uso wake.

Mbwa mmoja tu hakunifuata. Meneja, aliyekwisha kinai samaki, alikuwa kakaa kwa shemeji. Mwalimu akarudia: macho, Baba Meneja, macho. Sikupata nafasi ya kumjibu kwa sababu Komando alikuwa kashika soksi kwa meno na kuivuta. Nikaanguka. Kifundo cha mguu kimeteguka. Mke wangu kaja kunichukua.

Meneja kalalia kiatu changu cha mguu mzima. Ninamtazama na machozi yananilenga. Akienda kwa shemeji, nani atanipokea mlangoni kila jioni kana kwamba nimetoka vitani? Mke wangu hunipokea kwa kuuliza kama nimeleta mkate.

Jumamosi, 8 Machi

Mguu umevimba, kusimama siwezi. Mke wangu kachukua kamba ya Meneja. Hajahudhuria darasa hata siku moja! Nikaona yamekwisha. Nikawekwa kwenye kiti pembeni, jirani na shemeji.

Mke wangu hakumtazama mtu. Aliangalia kiunzi, akaelekea huko. Akaangalia bomba, akaelekea huko. Na Meneja ubavuni pake, karuka, kapita, kapanda ubao wa pembea, kateremka. Wamefaulu!

Nililia mbele za watu. Mwalimu akaja kuniuliza kama nimeona mwenyewe. Nikasema nimeona. Mke wangu akatamka hukumu: Meneja anabaki, ila kiwanjani ataongozwa na yeye, mimi nisiguse kamba. Nikakubali yote. Ningekubali hata kulala bandani.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari kutwa, na siri nimeipata. Ni gauni. Jana mke wangu alivaa gauni la kijani, na mbwa bila shaka hutulia akiona kijani. Mwalimu na uaskari wake wote hakuligundua hilo.

Shemeji kaja mchana kunijulia hali. Kaniuliza mguu unaendeleaje, kwa sauti ile yake. Sikuvumilia. Nimemwambia mashindano ya mwezi ujao nitamwongoza Meneja mimi mwenyewe dhidi ya Komando, na atakayeshindwa amkabidhi mwenzake mbwa. Tumepeana mikono. Alikubali upesi mno, nadhani ni hofu.

Mke wangu sijamwambia bado. Kwanza nimelijaribu gauni lake. Linabana mabegani, lakini nikipunguza kula litaingia.