Bustani ya Ukutani kwa Daktari wa Meno

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimekuwa mtu wa bustani. Si bustani ya chini, ambayo kila mtu anayo. Bustani ya ukutani! Visanduku vya plastiki vinapachikwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja na mche wake, mpaka ukuta mzima unakuwa kijani. Nimeiona kwenye ukumbi wa benki nilikoingia kutafuta choo. Nilisimama kuitazama mpaka askari akaniuliza kama nimepotea. Nikamjibu kwamba ndiyo kwanza nimejipata.

Mke wangu ni fundi cherehani na husikiliza kwa mguu. Nikisema jambo la maana, hupunguza mwendo wa mashine. Leo hakupunguza. Alipomaliza pindo akasema sawa, nijaribu, ila huu ndio mpango wa mwisho. Akanikumbusha wa kukodisha miavuli, niliouanza kiangazi. Akanikumbusha wa kuwaamsha wapangaji kwa filimbi. Huu nao ukienda kombo, Jumatatu ya tarehe kumi na saba naanza kazi dukani kwa kaka yake.

Kaka yake anauza magodoro. Tangu nichapishe kadi za biashara, shemeji huyu ananiita Mkurugenzi, na hulitamka mbele ya watu. Wafanyakazi wake huvaa fulana za manjano zilizoandikwa mgongoni LALA UNONE. Mimi, LALA UNONE! Sivai. Naandika hapa ili ijulikane.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata mteja!

Nilikwenda kuzibwa jino, na wakati daktari anachokonoa nikamweleza jinsi wagonjwa wake wanavyokaa mapokezi wakitazama ukuta mtupu na kuwazia sindano. Mikono yake yote miwili ilikuwa kinywani mwangu, kwa hiyo hotuba ilitoka na mate mengi. Nilipoweza kufunga mdomo nikairudia yote. Akasema haya, tujaribu. Jumamosi ya tarehe kumi na tano atapima watu meno bure, na madaktari wenzake watakuja kuona. Wakiupenda ukuta, kila mmoja atataka wake. Nimetoka na ganzi shavuni na furaha tele.

Doa moja tu: dada wa mapokezi. Kwenye kona yake ana ua la plastiki, kubwa, ndani ya chungu. Hulifuta vumbi kila asubuhi, jani kwa jani. Nimemwambia siku za ua lake zimehesabika. Akasema ua lake halijawahi kumwaibisha hata siku moja, kisha akaniuliza mimi je.

Nikamwonyesha shavu. Nilikuwa na ganzi.

Alhamisi, 6 Juni

Visanduku vimefika. Muuzaji ni mtu wa maneno mengi. Ati nipande miche, nivilaze visanduku chini mwezi mzima mpaka mizizi ishike udongo, ndipo nivitundike. Mwezi mzima! Watu wa namna hii ndio wanaochelewesha maendeleo.

Nimevitundika leo leo, chumbani, juu ya kitanda, kwa majaribio. Vilipendeza sana kwa muda mfupi. Kisha udongo wote ukashuka, na miche, na funza mmoja mnene. Mke wangu alikuwa amejilaza. Amesema maneno machache mno, na yote yalinihusu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata dawa. Chandarua! Nimekikata na kufunika kila kisanduku kwa kipande chake, mche ukachungulia katikati. Udongo haumwagiki. Kweli, miche sasa inaonekana kama imekamatwa na polisi, lakini haimwagiki.

Usiku mbu wamekula, wakaita na ndugu zao. Mke wangu ameamka na jicho moja limevimba na kuniuliza chandarua kiko wapi. Nikasema kimepata kazi. Alinitazama kwa lile jicho zima kwa muda mrefu.

Jumamosi, 8 Juni

Mke wangu amesema chandarua cha watu hakiwezi kutundikwa mapokezi ya daktari, ni aibu. Amesema kweli. Inaniuma anaposema kweli mapema hivi.

Nimewaza mpaka kichwa kikauma. Nahitaji kitu laini, kinachokunywa maji, kinachoshika mzizi na kisichomwagika. Nilikuwa naosha vyombo. Nikatazama mkononi. Sponji!

Mbio mpaka kwa shemeji. Nikamwomba, kwa heshima zote, godoro moja bovu. Akasema hana magodoro mabovu, ana shemeji mbovu mmoja tu. Wafanyakazi wote wakacheka. Kisha akanigeuza na kunipima fulana mgongoni, ati isije ikanibana. Nimekula kona na hasira zangu.

Lakini nyumbani nako kuna godoro.

Jumapili, 9 Juni

Mke wangu amekwenda kwa mama yake kutwa nzima. Nimepiga moyo konde. Nimefungua zipu ya godoro letu, nikachomoa sponji yote, nikaikata vipande vya saizi ya visanduku. Sponji nzuri ajabu. Shemeji alitupa siku ya harusi, na lazima nikiri kwamba siku ile hakubana mkono. Ndani ya kava nimeshindilia magazeti, vitambaa vya cherehani na koti langu la zamani. Nikatandika shuka. Kwa macho huwezi kujua.

Saa tatu usiku mke wangu akapanda kitandani. Akatulia. Akageuka. Akaniuliza kwa nini godoro linanong'ona. Nikasema ni uzee tu. Akauliza uzee wa nani.

Jumanne, 11 Juni

Nimetundika ukuta kwa daktari. Misumari minne. Seremala angepiga ishirini, lakini seremala ni mtu wa hofu.

Maji! Hapa nimejipita mwenyewe. Kwenye kiti cha wagonjwa kuna kibomba kinachojaza kikombe cha kusukutulia. Nimekiunganisha na mpira mwembamba, ukapita chini ya mlango mpaka juu ya ukuta wangu. Mgonjwa akibonyeza apate maji ya kusukutua, bustani nayo inapata funda lake. Wagonjwa wengi, maji mengi! Ni maji safi, si yale ya kutema. Nimemweleza dada wa mapokezi mara tatu, na bado ananiangalia kwa kinyaa.

Ua lake nimelisogeza nyuma ya mlango. Niliporudi kutoka kunawa nikalikuta mahali pake. Nikalisogeza tena. Likarudi tena. Sijui analirudisha saa ngapi, maana sijamwona akiinuka.

Kwenye benchi chini ya ukuta yupo mzee mmoja mwenye shavu lililovimba. Huja kila siku kung'olewa jino, akisikia mashine inalia ndani anasema leo si siku nzuri. Ameusifu ukuta wangu. Anasema sasa hata kuahirisha kuna raha yake.

Alhamisi, 13 Juni

Jambo la kushangaza nyumbani. Jioni nilimweleza mke wangu habari za ukuta, na mguu wake ukapunguza mwendo. Kisha ukasimama kabisa! Akaniuliza kama kweli umesimama. Nikasema umesimama. Kama kweli una majani. Nikasema aje ayaone. Akatabasamu, na sikumbuki mara ya mwisho kulisababisha tabasamu lile. Nimefurahi mpaka nikakosa usingizi. Yeye pia amekosa, lakini kwa sababu ya kifungo cha koti.

Ijumaa, 14 Juni

Balaa! Miche ya safu ya kati imelala. Imenyauka yote, na wageni ni kesho! Nimeibembeleza. Nimeitishia. Wapi.

Saa kumi na moja jioni dada wa mapokezi akatoka kwenda kununua vocha. Tukabaki wawili tu, mimi na ua lake. Lilikuwa linang'aa kwa dharau. Sikujua nafanya nini mpaka nilipomaliza. Nimelinyofoa majani yote na kuyachomeka kwenye safu ya kati. Lile shina lililobaki nikalivika mwavuli wa mgonjwa.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika nikiwa sakafuni jikoni. Nitaeleza kwa utaratibu.

Asubuhi mke wangu alivaa gauni aliloshona kwa siku hii. Njiani akaniambia amempigia kaka yake simu alfajiri na kumwambia ile nafasi ya dukani ampe mtu mwingine, kwa sababu mume wake ana kazi yake. Mume wake! Ana kazi yake! Alisema vile bila kunitazama, akarekebisha kola yangu. Tena amemwalika kaka yake aje ajionee mwenyewe.

Kliniki ilifurika. Upimaji wa bure! Kila aliyekaa kwenye kile kiti alisukutua kama analipwa. Nikawa nasikia ukuta unakunywa. Funda. Funda. Funda. Majani yakachangamka. Madaktari wageni wakasogea, na mkubwa wao, mwenye miwani ya kamba, akashika jani la safu ya kati. Akasema katika bustani zote alizowahi kuona hajakuta jani lenye afya kama lile. Akataka kujua nalilisha nini. Dada wa mapokezi akalitazama jani. Akatazama kona yake. Akauinua mwavuli.

Hapo ukuta ukatoa sauti. Sponji ilikuwa imevimba. Visanduku vilikuwa vimetanuka, vinasukumana kama watu kwenye foleni, na kila aliyesukutua ndani alizidi kuvisukuma. Nikapiga kelele wasisukutue! Mgonjwa aliyekuwa kwenye kiti akashtuka na kubonyeza kwa nguvu.

Msumari wa kwanza ulimkosa mwenye miwani. Kisha ukuta mzima ukainama, taratibu, kwa adabu, ukamlalia yule mzee wa benchi.

Tukamfukua. Alikuwa mzima, ameloa, ana mche sikioni. Akakohoa, akatema kitu kwenye kiganja, akakitazama. Jino! Lenyewe lile lililokuwa likimsumbua. Akacheka, akanikumbatia, akasema hakusikia maumivu yoyote, na kwamba mke wake ana magego mawili mabovu, tutausimamisha tena lini. Daktari akasema kwa sauti ndogo kwamba nimeng'oa jino ndani ya kliniki yake bila leseni. Wageni wakaanza kutafuta makoti yao.

Yote hayo ningeyastahimili. Lakini shemeji, aliyekwisha kufika, alikuwa ameinama. Ameokota kipande cha sponji, amekikamua, amekibonyeza kwa dole gumba na kukiachia, kama anavyofanya dukani. Kikarudi polepole. Akasema mbele ya watu wote kwamba hii ni sponji yake ya daraja la kwanza, ambayo hajawahi kumuuzia mtu. Alimpa dada yake tu.

Mke wangu hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa kwenye benchi lililoloa, na gauni lake jipya, akasema pole pole kwamba kumbe ndiyo maana linanong'ona. Halafu akafunika uso. Nilidhani analia. Alikuwa analia kweli. Nimeona haya kuliko siku zote za maisha yangu.

Jumapili, 16 Juni

Hatukulala, kila mtu kwa upande wake wa magazeti. Asubuhi akampigia kaka yake na kumwomba ile nafasi upya. Nilimsikia kupitia mlango. Alimwomba sana. Alisema mimi si mtu mbaya, ila sina pa kuziweka akili zangu. Shemeji amekubali, kwa ajili yake, na jioni ameleta godoro jipya begani. Sharti lake ni moja: pale dukani nisikae karibu na maji. Magodoro yakiloa, ndio mwisho wangu, na yeye na dada yake watakuwa hawajuani.

Nimeapa. Nimemshika mke wangu mkono na kuapa tena. Mimi na kuta basi!

Jumatatu, 17 Juni

Nimeanza kazi. Mke wangu ameipiga pasi fulana mwenyewe, akanisindikiza mpaka mlangoni pa duka, akasema napendeza na manjano. Sitamwangusha mwanamke huyu tena, hata iweje.

Kazi si mbaya. Napangusa, nakaribisha wateja, nakaa. Shemeji amepita mara mbili kunikagua na mara zote mbili nilikuwa mkavu. Saa nane mchana, duka likiwa tupu, nikajilaza kidogo kwenye godoro la maonyesho ili nimweleze mteja ninachokijua. Chali. Macho juu.

Nimekuwa mjinga kiasi gani! Nimehangaika na ukuta, ukuta, ukuta, kumbe tatizo lilikuwa ukuta! Ukuta unaegemea, unaangukia watu. Dari haliegemei popote. Dari la shemeji ni jeupe, pana, linafunika magodoro yote toka mlangoni mpaka stoo, na halina hata jani moja. Mizizi juu, maua chini, maji yanashuka yenyewe bila mpira!

Mke wangu amepiga simu sasa hivi kuuliza kama nimetulia. Nimemwambia nimetulia kabisa, nimelala tu natazama juu. Amefurahi, sauti imemtetemeka kwa furaha, ameniita mume wangu. Nimemwomba akija kunichukua jioni aje na futi yake ya kupimia, ile ndefu.