Kura za Maoni za Daftari la Zamu

Wanachama wote wa Ghuba wanaarifiwa kwamba mwezi Agosti mwaka 2007, Idara ya Kupima Mielekeo ya Chama cha Mlango Wazi, Tawi la Dubai, ilianza rasmi kupima nani anaongoza katika mbio za kumpata mgombea urais wa chama. Idara ilikuwa na mkurugenzi mmoja, Hesbon, mlinzi wa geti la maegesho katika mnara mmoja wa Jumeirah Lake Towers. Ofisi yake ilikuwa kiti cha plastiki juani.

Wagombea walikuwa wawili, Mheshimiwa Yekoniya na Mheshimiwa Pauline. Kwa kuwa mkutano wa siasa Dubai unaweza kumpandisha mtu ndege bila kuaga, Mwenyekiti wa Tawi, Zedekiya, ambaye pia ndiye msimamizi wa walinzi wa mnara, alielekeza kura zipigwe ndani ya daftari la zamu. Mlinzi akiingia kazini asubuhi anaandika jina, saa, hali ya kituo, kisha, kwenye safu mpya iliyochorwa kwa rula, mgombea wake.

Jumamosi Yekoniya alipata kura arobaini na tatu, Pauline sufuri. Jumapili Pauline akapata arobaini na tatu, Yekoniya akatoka kapa. Jumatatu akarudi kileleni, Jumanne akaporomoka tena. Makao makuu ya chama Nairobi yakajumlisha, yakapata hamsini kwa hamsini, yakatangaza kwamba chama hakijapata kuona mchuano mkali kiasi hicho.

Hesbon alijua sababu, ila haikuwa ya kitaalamu. Daftari la zamu hujazwa na mtu mmoja tu, yule anayefika kwanza. Waliobaki, msimamizi akiwaharakisha kwa "yalla, yalla," huandika jina na kuchora vistari viwili kila safu, maana yake kama hapo juu. Ndivyo hali ya kituo ilivyokuwa "salama" miaka minne mfululizo, hata siku bomba lilipopasuka maji yakafika magotini. Basi la wanaume likitangulia kutoka kambini, Yekoniya anaongoza. Basi la akina dada likitangulia kutoka Rashidiya, anaongoza Pauline. Mengine yote ni foleni ya Barabara ya Sheikh Zayed.

Kambi ya Yekoniya ilipiga simu kuuliza nini kimewaangusha Jumanne. Hesbon akajibu kwa uaminifu kwamba lori la mchanga lilipinduka. Kesho yake mgombea alizindua sera ya mchanga.

Hesbon alinyamaza kwa sababu Mwenyekiti alikuwa amemwahidi tiketi ya kupeleka matokeo Nairobi. Binti yake Daisy alikuwa na miaka mitatu, na baba alimjua kama sauti ndani ya simu ya shangazi. Kila mara alipoomba likizo, Zedekiya alimrudishia fomu, eti hakuna wa kushika zamu yake.

Alhamisi Zedekiya alimwita ofisini, penye kiyoyozi.

"Hesbon, nimetafakari. Nairobi inataka mtu wa hadhi. Nitaenda mimi."

"Na mimi, Mwenyekiti?"

"Wewe utaimarisha geti."

"Mtoto wangu hajawahi kuniona, bosi."

"Mtumie picha. Sasa sikiza, kesho ni kura ya mwisho. Ongeza safu mbili, ya mjumbe na ya atakayeshika zamu yake. Nikishatia sahihi chini pale, khalas, hakuna rufaa."

Hesbon akachora safu zake. Ilimuuma, akaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Asubuhi basi la Rashidiya lilitangulia, na wa kwanza kushuka alikuwa Fridah, mlinzi wa ghorofa ya chini.

"Hii safu ya mjumbe tunaandika nani?"

"Mwenyekiti. Amejiteua."

"Na Daisy je?"

Fridah akaandika. Mgombea: Sijaamua. Mjumbe: Hesbon. Wa kushika zamu: Mwenyekiti.

"Fridah, utafutwa kazi."

"Kwa kosa gani? Nimejaza daftari."

Watu arobaini na mmoja wakachora vistari, Hesbon akiwemo. Zedekiya alifika wa mwisho, kama inavyompasa mkubwa, simu begani akiagiza suti, akachora vistari vyake, akatia sahihi, akapiga muhuri.

Faksi ilipofika Nairobi, Sijaamua alikuwa akiongoza kwa asilimia mia. Kambi zote mbili zilijitangazia ushindi.

"Nani ameandika upuuzi huu?" Zedekiya aliuliza, nakala mkononi.

"Sisi sote, Mwenyekiti," Hesbon alisema. "Wewe ni wa arobaini na tatu."

Alipiga simu kufuta. Makao makuu yakakataa, kwani kulikana daftari kungekuwa kukiri kwamba wiki nzima walichambua foleni. Tiketi nayo, kwa kufuata daftari, ilikuwa imeshatoka kwa jina la Hesbon.

Daisy alijificha nyuma ya shangazi siku ya kwanza. Siku ya tatu alilala mapajani mwa baba, na hapo ndipo Fridah alipopiga simu. Mheshimiwa Yekoniya, alisema, ametua Dubai kuwabembeleza wale ambao hawajaamua. Gari lake lilisimama getini saa saba mchana, likamkuta Zedekiya kwenye kiti cha plastiki, shati limemganda mgongoni. Akasimama wima, akajitambulisha kwamba yeye ndiye Mwenyekiti wa Tawi.

"Mheshimiwa akasema nini?" Hesbon aliuliza kwa sauti ya chini, asimwamshe mtoto.

"Akashusha kioo kidogo," Fridah alisema. "Akamwambia, kijana, fungua geti."