Nilivyosahihisha Mwisho wa Filamu Mbele ya Mchungaji

Leo nimejianika. Mchana kweupe, kanisani, mbele ya mchungaji na mama mkwe. Naandika mwenyewe kabla hamjaletewa habari na Mama Neema, maana yule mama kusimulia hajui, na hilo hasa ndilo lililoniponza.

Kuna filamu inazunguka kwenye simu za watu hapa Mpanda. Jina silitaji (mtaitafuta, nawajua). Ni ya nje, imetafsiriwa na DJ mmoja mwenye sauti kama mpiga debe. Kisa chake: kamji kadogo, joto kali, kila mtu anajua mwenzake kala nini. Kuna tajiri mwenye kiwanda cha mbao, mke wake mzuri kupita kiasi, na fundi gari ambaye sijui kwa nini kila saa yuko bila shati. Siku moja tajiri anakutwa kafa, katumbukizwa kisimani. Mji mzima unamnyooshea mke kidole. Na hapo katikati kuna mambo. Mambo hasa! DJ mwenyewe akifika pale anaishiwa maneno, anasema, "Hapa ndugu mtazamaji, wanasalimiana." Wanasalimiana dakika nne.

Nimeiangalia. Mara mbili. (Ya pili nilikuwa nahakikisha ushahidi.)

Kwa msionijua, mimi ni Mama Elia, fundi cherehani, Makanyagio. Sare zote za kwaya kanisani kwetu nimeshona mimi. Na leo baada ya ibada kilikuwa kikao cha akina mama cha kuchagua mlezi wa kwaya ya vijana. Nafasi hiyo nimeililia miaka miwili. Vijana wanakwenda kuimba Kibaoni mwezi ujao, na mlezi ndiye anayewaongoza, anakaa mbele kwenye gari, anapokelewa kwa vigelegele. Mpinzani sikuwa naye. Kitenge cha safari nilishakishona. (Na kilemba chake.)

Tulikuwa akina mama kama ishirini, mchungaji, na mama mchungaji. Mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Magamba, alikaa benchi la pili, kajitanda khanga mpya, anatabasamu kwa kila anayemwangalia. Mkwe wake anapewa cheo!

Kabla ya uchaguzi Mama Neema akanyoosha mkono. Ana jambo zito. Ile filamu imekutwa kwenye simu ya Zawadi, binti anayeongoza sauti ya kwanza. Tena Zawadi kaandika kwenye grupu la kwaya kwamba ni filamu nzuri na ina mafunzo. Mama Neema anataka asimamishwe kuimba, na Kibaoni asiende.

Zawadi alikuwa amesimama karibu na mlango. Ana miaka ishirini na mbili, lakini pale alionekana kama mtoto wa darasa la tano. Anakunja daftari la nyimbo, analikunjua, analikunja tena.

"Mimi sijaiona," mchungaji akasema. "Lakini dalili ya mvua ni mawingu. Mama Elia, wewe ndiye mlezi mtarajiwa. Unasemaje?"

Nilimwangalia Zawadi. Nikamwangalia mama mkwe. Nikakifikiria kile kilemba.

Nikasimama. Nikakohoa kidogo, kama watu wazima.

"Mchungaji, mimi hiyo filamu sijaiona, wala sina hamu ya kuiona. Nimesikia tu kwamba ni uchafu. Vijana wetu wajihadhari."

Makofi! Mama mkwe akaitikia "Amina" kwa sauti kuliko wote.

Zawadi akainua macho, akaniangalia. Sasa nani alinirushia ile filamu kwenye simu? Zawadi. Siku alipokuja kupimwa sare. Tuliijadili pale kwenye cherehani nusu saa nzima, mimi na yeye. Angeweza kusema. Hakusema. Akainamisha kichwa, akarudi kwenye daftari lake.

Nikakaa. Nikakwepa kutazama mlangoni.

Pengine yangeishia hapo. Lakini Mama Neema akipewa kidole anataka mkono.

"Niwaeleze mjue ubaya wake," akasema. "Mimi nimesimuliwa yote. Yule mwanamke anamuua mumewe, anamtupa kisimani, halafu anatoroka na fundi, wanakwenda kuishi raha mustarehe. Haya ndiyo mafunzo?"

Nikajikaza. Nikatazama dari. Nikahesabu mbao za dari.

"Tena anamuua kwa sumu," akaendelea. "Kwenye chai."

Chai! Jamani, chai gani? Ile filamu mwanzo mpaka mwisho hakuna hata kikombe!

Sikumbuki kusimama. Nilishtukia tu sauti yangu inatoka, tena ile ya kugombana na mteja.

"Si kweli! Hakumuua! Aliyemuua ni mdogo wake marehemu, yule wa miwani, kwa sababu alikitaka kiwanda! Na hakuna sumu, alimgonga na ubao! Na fundi hakutoroka na mtu, fundi alifungwa bure, na yule mwanamke akabaki peke yake mpaka kweli ikajulikana! Mama Neema, kama hujaona, uliza!"

Nje huko kuna mtu alikuwa anapiga honi ya bodaboda, na hata yeye akaacha.

Mtu mwenye akili angekaa chini. Mimi nikaongeza (Mungu wangu, kwa nini niliongeza?): "Na hayo mambo mnayosema ni mara tatu tu, filamu nzima."

Mchungaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaniangalia upya.

Halafu ikasikika sauti benchi la pili.

"Mama Elia. Kumbe ndiyo ile ya juzi jikoni?"

"Mama, tutaongea nyumbani..."

"Ile uliyoweka vile vidude masikioni, unalia, maharage yanaungua? Si uliniambia unasikiliza mahubiri?"

"Mama, tafadhali..."

"Mimi nimepiga simu mpaka Magamba! Nikawaambia, nyie hamjaona mtu anayempenda Bwana, njooni mumuone mkwe wangu, analia mpaka mboga inaungua!"

Hapo ndipo kanisa lilipoinuka. Watu walicheka wakashikana mabega. Mama mmoja akateleza kwenye benchi. Mama Neema aliziba mdomo na khanga lakini mabega yalikuwa yanaruka. Nilitamani sakafu ipasuke. Sakafu ya kanisa letu ni ya saruji nzuri, haikupasuka.

Basi, maji nikishayavulia nguo si ndiyo nioge? Sikukaa.

"Mchungaji, nimedanganya," nikasema. "Naomba radhi kwa uongo. Kwa filamu siombi. Nimeiangalia mara mbili, na Zawadi ndiye aliyenipa. Mkimsimamisha yeye, nisimamisheni na mimi. Na alichoandika ni kweli, ina mafunzo. Mji mzima ulimhukumu yule mwanamke kwa sababu ni mzuri na hakulia msibani. Basi! Hakuna aliyeuliza. Kila mtu alisimuliwa na jirani. Na muuaji wakati wote huo anapokea rambirambi. Kama hilo si somo, sijui."

Safari hii hawakucheka. Wengine walianza kutazama viatu vyao.

Mama Neema hakukubali. "Na yule fundi kukaa bila shati, nalo ni somo?"

"Ni joto, Mama Neema! Wewe mwezi wa kumi hapa Mpanda unavaa sweta?"

Zawadi ndiye aliyepasuka kwanza kwa kicheko. Nikafurahi kumuona ameinua kichwa, hata kama kilichomuinua ni mimi kuaibika.

Mchungaji akafunga daftari lake. Akasema Zawadi ataimba, Kibaoni atakwenda, na watu waache kuchunguza simu za wenzao. Akasema uongo kanisani ni jambo kubwa kuliko filamu, na hapo alikuwa ananitazama mimi, wala simlaumu. Kisha wakachagua mlezi.

Mama Neema. Kwa kura zote.

(Kura yangu pia. Jina langu lilishafutwa, akabaki peke yake. Mngetaka nifanye nini?)

Natoka nje mama mchungaji akanishika mkono, akanivuta mpaka nyuma ya tangi la maji. Nikajua sasa naonywa kwa siri. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Huyo wa miwani," akaninong'oneza, "polisi alimjua vipi? Mimi umeme ulikatika wanamtoa marehemu kisimani, simu ikaisha chaji, nikaona aibu kuanza upya."

Nikamsimulia. Yote, kwa mpangilio, na kila ubao mahali pake. Akasema yule polisi ni mvivu, angeuliza maswali mapema fundi asingefungwa. Na mimi nimekuwa nikisema hivyohivyo tangu mwanzo! Tukaachana kwa heshima, kila mtu njia yake.

Mama mkwe alitangulia nyumbani na bodaboda. Nimemkuta amepika mwenyewe, hajanisemesha mpaka sasa naandika. Nimemwamkia tena, "Shikamoo mama," kaitikia kwa pua. Najua nimemvunjia heshima kule Magamba na nitatafuta namna ya kuirudisha. Hilo tu ndilo linaloniuma.

Mengine chekeni mpaka mchoke. Lakini anayetaka kusimulia filamu mbele yangu, aiangalie kwanza mpaka mwisho.