Rimoti Niliyoifundisha Mwenyewe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Vita! Jumamosi alasiri tamthilia yangu inafika mwisho. Yule msichana mkaidi anaolewa, nami nimemlilia tangu mwaka jana. Saa hiyohiyo Mzee wangu ana mpira. Nikamwambia mpira utachezwa tena, harusi haina marudio. Akajibu kwamba msichana mwenyewe ameshaachwa mara tatu, atarudi tu. Mume gani huyu! Rimoti zetu ni tatu: ya runinga, ya king'amuzi, na ya spika kubwa, maana runinga yenyewe ilishakauka sauti. Zote amezilalia kama kuku anayeatamia.

Jumanne, tarehe 4

Nimekwenda kwa muuza vifaa vya umeme. Kumbe ipo rimoti moja inayofundishwa kazi za wenzake wote! Akaniletea ya kioo. Nikaigusa kwa kidole chenye unga, ikanipuuza. Haina adabu, rudisha. Ya pili vitufe vimeitoka kama upele. Ya tatu nene, inajaa mkononi. Nikaiangusha sakafuni makusudi. Muuzaji akapiga yowe. Nikamwambia: baba, hata sufuria hainunuliwi bila kugongwa. Ikaokotwa nzima. Hiyohiyo!

Jumatano, tarehe 5

Leo nimekuwa mwalimu! Mimi, ambaye darasani sikukanyaga, herufi nilizidokoa kwenye madaftari ya wanangu. Mzee alipokwenda kunyolewa, nikailaza rimoti mpya pua kwa pua na ya zamani. Unabonyeza ya zamani, mpya inasikiliza na kushika. Ina akili kuliko wanangu wawili, siwataji. Mkwe wangu akanishauri nifundishe kila kitufe kazi yake. Nikamwambia: mwanangu, mimi nina kidole kimoja tu cha kazi. Nikachagua kitufe chekundu, kitume amri zote kwa mkupuo. Nikabonyeza: runinga, king'amuzi, spika, vyote vikawaka. Nikabonyeza tena: vyote vikazimika. Nikajipigia vigelegele.

Ijumaa, tarehe 7

Asubuhi nimekiweka king'amuzi kwenye stesheni yangu. Nikasikia viatu vya Mzee mlangoni, nikazima haraka haraka kwa rimoti za zamani, nikatokea uani. Zote tatu nimempelekea shoga yangu, fundi cherehani, azifungie kabatini kwake. Mpya iko kifuani. Nani atapekua huku?

Mzee amepekua chini ya makochi, ndani ya viatu, hata kwenye debe la unga. Akatoka nyusi nyeupe. Nikamuuliza ameota mvi lini. Halafu akanitia huruma, nikampa chai yenye sukari ya kutosha. Adui naye ana koo.

Jumamosi, tarehe 8

Balaa! Saa ya harusi nimekaa, miguu juu ya stuli, nikabonyeza chekundu. Runinga ikawaka. King'amuzi kikawaka. Spika ikazimika! Bwana harusi anafungua mdomo, kimya. Nikabonyeza tena: spika ikawaka, picha ikatoweka. Ndipo nikakumbuka. Jana katika haraka zangu niliisahau spika ikiwaka, na kitufe hiki huwasha kilichozimwa na kuzima kinachowaka. Vitufe vya miilini mwa vyombo vyote vitatu navyo vilishatumbukia ndani zamani. Nikakimbilia kwa shoga yangu. Kufuli! Amekwenda kwenye harusi. Ya kweli.

Nimerudi na machozi. Nikabonyeza tena: picha bila sauti, na mkwe yuko kwao. Mzee akanitazama, akasogeza kiti. Mara bwana harusi akaanza kuapa, kwa sauti nzito ya Mzee, kwamba atampenda mkewe kuliko mpira. Bibi harusi, kwa sauti nyembamba ya Mzee, akajibu kwamba hapokei mahari isiyo na rimoti. Mama mkwe akakohoa kikohozi cha Mzee. Nimecheka mpaka kilemba kikadondoka. Kelele za mpira kwa kinyozi zilitufikia dirishani. Hakwenda.

Jumapili, tarehe 9

Mkwe amerudi. Akafunika spika kwa kitambaa cha meza, amri isiifikie. Akabonyeza, runinga na king'amuzi vikazimika kama spika. Akafunua, akabonyeza tena. Vyote vikawaka! Nikasema laiti tungejua jana. Mzee akaanza kukagua dari. Nikamuuliza kama alijua. Akakiri alijua tangu mwanzo, lakini kama spika ingesema, yeye angemwoa saa ngapi yule msichana? Nikamtandika kwa mto. Kisha nikamwongezea chai.

Jumatatu, tarehe 10

Shoga yangu amerudisha rimoti. Kesho alasiri inaanza tamthilia mpya, na Mzee ana ndondi zake. Nimetafakari sana, nimeona kosa halikuwa langu. Mwanafunzi akiwa peke yake darasani hana wa kushindana naye. Nimenunua ya pili, nene vilevile, nimeiangusha mara mbili. Nimeifundisha kitufe kimoja tu, chekundu. Zile tatu zimeshafungiwa tena kabatini kwa shoga yangu, ambaye kesho ana safari.

Spika nadhani nimeizima.