Unyevu wa Chumba cha Chini

Jumatatu, 6 Mei
Nimekasirika tangu saa mbili asubuhi, na sasa ni saa kumi. Mhasibu amepewa chumba cha ghorofani. Kina kiyoyozi, zulia na dirisha linalofunguka. Mimi, karani wa masjala, niliyetunza majalada ya ofisi hii miaka kumi na mmoja, nimeachwa huku chini, rangi ya dari ikinibandukia kichwani. Nimekwenda kwa Bosi. Amesema kiyoyozi ni kwa ajili ya kompyuta ya hesabu. Nikasema hata mimi nina kompyuta. Akasema yangu ni ya barua tu. Kuanzia leo Mhasibu namwita Kiyoyozi.

Jumanne, 7 Mei
Fundi wa kompyuta kaja kusafisha mashine. Kaifungua yangu, kanionyesha kutu ya kijani kwenye shaba. Kasema ni ya mvua za mwaka jana. Hewa ikiwa na maji mengi, vitone visivyoonekana hutua ndani, chuma hushika kutu, umeme hupita pasipotakiwa, na mashine ya kuishi miaka saba inakufa kwa mitatu.
Sijasikia habari nzuri hivyo mwaka mzima. Nikamwomba amwandikie Bosi kwamba lazima nihamie juu. Akaweka kipimo cha unyevu mezani. Asilimia hamsini na nane. Kasema mpaka sitini hakuna neno, na yeye haandiki uongo. Mtu mzima, kasomea ufundi, anashindwa kuniongezea asilimia tatu! Ila kakubali kuniachia kipimo. Ijumaa ataandika atakachokikuta.

Jumatano, 8 Mei
Nimebeba birika la umeme kutoka nyumbani. Mke wangu kauliza nakwenda kupika nini kazini. Nimemwambia ni mambo ya kitaalamu. Kasema chai yake je, ataichemsha kitaalamu kwa kutumia nini.
Nimefunga dirisha, nimechemsha mara sita. Sabini na moja. Nikatundika taulo mbili mbichi nyuma ya kabati. Miwani ikaingia ukungu, majalada yakaanza kujikunja.
Kiyoyozi kashuka kutafuta jalada. Kasema humu kama bafuni, kauliza kama naumwa. Halafu, kwa ule upole wake wa kuudhi, kasema niipeleke kompyuta yangu kwake mpaka mvua ziishe, ana kona tupu. Kona. Ili kila asubuhi nimpe shikamoo na ahsante. Nimemwambia sihitaji msaada wa mtu.

Alhamisi, 9 Mei
Themanini na nne. Mashine imezimika mara mbili, ikawaka yenyewe. Nikibonyeza n inaandika b. Safi, huo ni ushahidi.
Saa nane Bosi kapiga simu. Wakaguzi wanakuja Jumatatu, anataka rejesta ya majalada yote. Rejesta iko ndani ya hiyo mashine. Kazi ya miezi saba. Nakala sina, kwa sababu flashi za ofisi zinatunzwa na Kiyoyozi, na mimi simwombi kitu.
Nikazima birika. Nikalitazama. Siku moja tu imebaki. Nikaliwasha tena.

Ijumaa, 10 Mei
Tisini na tatu. Nimebonyeza kitufe, ikalia kama jino linang'olewa, ikanuka kuungua, kimya.
Fundi kaifungua, maji yakamdondokea kiatuni. Diski nayo imekwenda. Akatazama birika. Akatazama taulo.
“Mzee wangu,” kasema, “hii mashine ilikukosea nini?”
Nikamwambia aandike asilimia. Kaandika tisini na tatu. Kaandika na birika.
Alipotoka nilikaa mbele ya ile skrini nyeusi. Miezi saba. Nikafuta miwani mara mbili, nikasingizia mvuke, ingawa hapakuwa na wa kumdanganya.

Jumatatu, 13 Mei
Bosi kasoma barua ya fundi mbele ya wafanyakazi wote na wakaguzi wawili. Mmoja kacheka mpaka kakohoa. Uamuzi: masjala haipewi kompyuta tena. Barua zangu atachapa Kiyoyozi, juu, penye ubaridi. Mimi nibaki chini na kalamu, niandike rejesta upya kwa mkono. Majalada elfu tatu.
Kiyoyozi kanifuata kwenye ngazi, kasema atanisaidia kila siku baada ya kazi, tukiwa wawili tutamaliza mapema. Nimekataa. Simpi raha hiyo.
Ila fundi, akibeba mzoga wa mashine, kaniambia jambo la maana. Karatasi huvumilia unyevu kuliko kompyuta. Adui mkubwa wa karatasi ni mchwa. Ofisi moja alikowahi kufanya kazi waliingia mchwa, majalada yote yakapandishwa ghorofani siku hiyohiyo, na karani wake.
Nyuma ya karakana ya ofisi kuna kichuguu. Kopo ninalo, na kifuniko nimeshakitoboa matundu, wasije wakafa njiani.