Jina Langu Juu ya Safu

Jumatatu, 3 Juni
Leo nimechapisha orodha ya ng'ombe wagonjwa, hapa biro, ofisi yetu ya mifugo, Uvira. Ugonjwa na dawa nimeviunganisha katika safu moja. Kazi safi! Lakini juu ya safu masini, kompyuta yetu, imeandika: ?column? Ni "safu" kwa Kiingereza, na alama mbili za kuuliza! Nani ananiuliza? Ni Laurette tu, wa meza ya mbele. Ijumaa Shefu Toussaint atachagua mkubwa wa data: miye ao yeye.

Jumanne, 4 Juni
Nimemuuliza Laurette kwa ukali. Amecheka. Ati ni database yenyewe, programu inayotunza data: ukiunganisha vitu bila kuvipa jina, inajiwekea hiyo alama. Ati niandike AS, kisha jina ninalotaka. Hata soda hakuomba! Muntu anataka kiti changu, halafu anifundishe bure? Aa, hapana. Nimerudi nyumbani na klavye, vibonye vya kuandikia, ndani ya begi, asiiguse.

Jumatano, 5 Juni
Nimejaribu kwenye masini ya Shefu. ?column? tena. Mama yangu! Laurette amefika mpaka huku.

Alhamisi, 6 Juni
Laurette ametoka kununua samaki ndagala. Haraka nimejaribu AS. Imetii! Sasa jina gani? Nikiandika "matibabu", atasema kazi ni yake. Nimeandika Placide. Masini imelitoa kwa herufi ndogo: placide. Dharau! Lakini sasa kazi iko na mwenyewe.

Ijumaa, 7 Juni
Wafugaji wamejaa. Shefu anasoma kwa sauti, kila mara kijiji, kisha jina la safu, ndiyo desturi yake. Rurambo: placide, minyoo, apewe dawa mara mbili. Luberizi: placide, anaharisha, afungwe peke yake. Kamanyola: placide, amekonda, achinjwe. Kicheko! Mama Domitille wa Luberizi amenishika mkono, amesema pole baba, nipunguze kwanza maziwa. Nimeona haya mpaka masikio yamewaka moto. Cheo amepewa Laurette.

Jumamosi, 8 Juni
Sasa nimeelewa. AS ulikuwa mtego! Alijua nitaandika jina langu. Sawa. Jumatatu ripoti kubwa inaenda Bukavu kwa wafadhili: kurasa arobaini, jasho langu la miezi mitatu. Nimekaa mchana kutwa nikibadilisha. Juu ya kila safu nimeandika Laurette. Kila safu! Wakubwa wote watalisoma jina lake, wamcheke yeye. Ataniona!