Mpimaji wa Vishindo

Wengine wakiona wapumbavu husikitika. Ulimi-Asali huona shamba lililoiva. Siku ile, kwenye kiwanja cha kuoshea magari, shamba lilikuwa limeiva mpaka linadondoka lenyewe: wanaume wazima waliong'oa viti vya nyuma ili spika zikae raha, wake zao wakatembee kwa miguu.

"Langu linapasua vioo!" alifoka mwenye bucha.

"Lako? Hilo linakohoa tu!"

Ulimi-Asali akajipenyeza katikati yao. "Ndugu zangu, mdomo hauna mizani. Mizani ninayo mimi."

Akatoa kipima-sauti. Maiki unaibandika ndani ya kioo cha mbele, unafunga milango, na desibeli kubwa kuliko zote inaganda kwenye skrini. Alichosahau kukitaja, maana binadamu ni msahaulifu, ni rimoti iliyokuwa mfukoni mwake. Ukiibonyeza, namba inapanda. Mwenye bucha alikuwa ameshamwona pembeni kwa noti kadhaa, wakaelewana.

"Sheria ni moja," alitangaza kwa sauti ya hakimu. "Namba ikishatokea, haifutiki. Kifaa hiki hakijui uongo wala undugu."

Mwenye bucha akafungulia muziki. Kidole gumba cha Ulimi-Asali nacho kikafanya kazi yake mfukoni. Mia moja arobaini na nane! Mwenye bucha akatokwa na machozi kama bibi harusi.

Hapo akasogea mama mmoja mwenye miwani, aliyekuwa akisubiri gari lake jipya likaushwe. "Kaka, nipime na mimi."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Dada yangu," alisema Ulimi-Asali, "hiyo redio ni ya kusikilizia taarifa ya habari."

"Basi tuwekeane. Nikishindwa na huyu bwana, chukua gari langu. Nikimshinda, nachukua lako."

Gari la Ulimi-Asali ndilo lilikuwa mali yake yote. Tangu afukuzwe alikopanga, alilala humo. Lakini tamaa haina macho. Akatupa ufunguo juu ya boneti, akabandika maiki.

Mama hakugusa redio. Alipandisha vioo vyote, akashuka, akaushika mlango kwa mikono miwili na kuubamiza kwa nguvu zote. Pu! Hewa iliyokosa pa kutokea ikaenda kuipiga maiki.

Mia moja hamsini na tatu.

"Huo si muziki!" Ulimi-Asali alipiga kelele. "Huo ni mlango!"

"Kwani kifaa kimedanganya?" mama aliuliza kwa upole.

Ulimi-Asali akapiga hesabu haraka. Kama kimedanganya sasa, basi kilidanganya na mwanzo, na mwenye bucha alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake, na mikono iliyozoea kuvunja mifupa. Rimoti nayo ilijua kuongeza tu, kupunguza haikufundishwa.

"Hakidanganyi," alijibu, kama mtu anayemeza mwiba.

Unadhani wale mabwana walishtuka? Walikimbilia magari yao, kila mmoja akawa anabamiza milango yake, wakigombania maiki. Bawaba moja ikakatika, mwenyewe akashangilia.

Mama akaokota ufunguo.

"Dada," Ulimi-Asali alinong'ona, "haya ulijifunza wapi?"

"Kwa aliyekuwa mume wangu. Naye alikuwa na kifaa kama hicho." Akalipapasa gari lake jipya, lililong'aa kama sarafu. "Hili lilikuwa lake."